Nitaingia Kinyumenyume

Decorah, Iowa
Jumapili, baada ya kanisa

Kaka yangu Arlen,

Nakusalimu wewe na wifi yangu Lavonne, na wote mlio hapo shambani, pamoja na yule mbwa wenu asiyejua kunyamaza. Natumai mahindi yamesimama vizuri na goti lako halikusumbui kama lilivyokusumbua wakati wa theluji. Lavonne amenidokeza kuwa bado unapanda ngazi ya ghalani ingawa daktari alikukataza. Sina la kukuambia, maana hata mama alishindwa nawe. Sisi huku hatujambo. Duane naye hajambo. Najua hukumuulizia, lakini nimekujibu hivyo hivyo.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu mimi na wewe kwenye simu hatumalizi maneno. Mmoja anapandisha sauti, mwingine anakata. Barua huwezi kuikata katikati. Unaweza kuichana, lakini nakujua, utaisoma kwanza.

Habari yenyewe ni hii: tumeuza nyumba. Sisemi tunauza, wala tunafikiria. Tumeuza. Wamenunua vijana wawili waliooana juzi juzi, mume ni mwalimu wa shule, mke ana mimba inayotangulia mbele yake anapopita mlangoni. Mwisho wa mwezi tunawakabidhi funguo, na kuanzia siku hiyo makazi yetu ni lile trela uliloliona kwenye picha ukalicheka, ukaliita kopo la maharage lenye madirisha. Tutaishi humo, kaka. Hatuendi likizo, tutaishi. Kukianza baridi tutakwenda kusini, kukianza joto tutapanda milimani, na jiko letu na kitanda chetu vitatufuata nyuma.

Nina ombi moja tu kwako. Usiku wa kwanza wa maisha haya nataka tulale hapo shambani kwa baba, pale nyuma ya ghala, karibu na ile pampu ya zamani. Sitaki kuuanzia ugenini. Nakumbuka vizuri jibu lako la mwezi wa nne. Ulisema magurudumu ya Duane hayatakanyaga shamba la baba mpaka aje mwenyewe akuombe radhi kwa mdomo wake. Nami najua sababu, maana nilikuwepo. Tulikuwa tumetoka kumzika shangazi Verna, tumo kwenye ukumbi wa kanisa, binamu wote wanatazama. Ukamnyooshea Duane mkono, naye akageuza uso akatazama ukuta. Ukabaki na mkono hewani kama mtu anayeomba lifti. Niliona shingo yako ilivyobadilika rangi. Sikulaumu hata kidogo. Ila nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanijibu.

Acha nianze mwanzo, maana wewe ndiye hupenda kuanzia mwisho.

Unamjua Duane. Kazi yake maisha yote imekuwa lori la maziwa, akizunguka mashamba yale yale ya vilima hivi vyetu, na ng'ombe hawana Krismasi wala Pasaka. Tangu nimeolewa hatujawahi kwenda mbali kuliko pale ambapo angeweza kurudi kabla wakulima hawajakamua tena. Harusi ya mwanetu Curtis kule Minneapolis tulitoka keki ikiwa haijakatwa. Ukizijumlisha maili alizoendesha yule mwanaume, ameizunguka dunia mara nyingi, lakini bahari hajaiona. Basi mwaka juzi, majani yalipoanza kuanguka, akaacha kazi ghafla. Watu wakauliza, tukasema mgongo.

Majira yale ya baridi yakapita. Halafu jioni moja ya masika nikiwa napalilia nyanya, akaja akakaa kwenye ngazi za nyuma akasema, "Marlys, tuuze nyumba tununue trela, tukaione hii nchi kabla haijatukimbia." Nikacheka. Nikamuuliza nyanya zangu atamwagilia nani. Akasema, "Atakayezila." Nikaona hacheki. Akaongeza kuwa kuna sharti moja, kwamba dereva nitakuwa mimi. Yeye hatashika usukani, si barabara kuu, si uani.

Hapo ndipo nilipokaa chini na mimi. Wewe unajua kwa nini. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikarudisha nyuma pikapu ya baba ikiwa na kigari cha majani makavu, nikaondoka na geti na nguzo yake na sanduku la barua. Baba alitoka, akatazama, akasema basi, leo ng'ombe wamepata uhuru. Hakusema zaidi. Wewe ndiye uliyesema zaidi. Ukaniita Mvunja Geti mbele ya shule nzima. Ukakisimulia kisa hicho kwenye harusi yangu na kwenye ubatizo wa Curtis, ukakisimulia hata kwa mchungaji mgeni ambaye hakukuuliza. Toka siku ile sikurudisha nyuma kitu chochote kirefu kuliko kitoroli cha dukani. Mahali pa kuegesha nilikuwa nachagua pale ambapo nitatoka kwa mbele, hata kama ni mwisho wa mtaa na mvua inanyesha.

Nikamwambia Duane haiwezekani. Akajibu kuwa geti lilivunjwa na msichana, na yeye msichana yule hamjui, yeye kamwoa mwanamke.

Kwa hiyo tukaanza, kwenye uwanja wa kuegeshea magari wa kanisa. Alipanga ndoo tupu za maziwa kuwa miti na mawe, akanikabidhi funguo. Alinifundisha siri moja ambayo laiti wewe ungenifundisha zamani: shika usukani kwa chini. Mkono wako ukienda kushoto, mkia wa trela nao unakwenda kushoto. Ukiushika kwa juu, kila kitu kinakwenda kinyume na unavyotaka, kama kulea kijana. Maneno ni rahisi. Niliziponda zile ndoo mpaka zikawa sahani. Na kwa bahati mbaya dirisha la jiko la kanisa linatazama pale pale, na akina mama wanaopika kahawa ya kanisa walikuwa ndani. Kila ndoo iliyopasuka wakawa wanaitikia "Amina!" Ardis, jirani yangu, ambaye ndiye mkuu wa jiko na ulimi wake unaujua, alifungua dirisha akanipigia kelele, "Marlys, mwenzangu, Bwana alisema tubebe mizigo, hakusema tuipige rivasi!"

Siku ile nililia kwenye usukani. Duane akaingia akaketi kando yangu. Hakunibembeleza, unamjua. Alinisimulia tu kwamba mwezi wake wa kwanza na lori la maziwa aling'oa kibaraza cha mzee mmoja kule Ridgeway, na mzee mwenyewe akiwa amekikalia, kikombe mkononi. Nikauliza mzee alifanyaje. Akasema alimalizia kahawa yake kwanza, ndipo akatukana. Nikacheka mpaka pua ikatoka maji, nikawasha gari tena.

Huo ndio wakati uliponipigia simu ukauliza, "Eti siku hizi Duane kawa abiria? Anakaa tu pale kama bibi harusi?" Ukacheka sana. Sikukwambia wakati ule, nakwambia sasa: simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, na yeye alikuwa anamenya viazi mbele yangu. Aliendelea kumenya, viazi vingi kuliko tulivyohitaji.

Kuhusu vitu vya nyumbani, kaka, sikujua kuwa mtu mmoja anaweza kumiliki mabakuli ya kuokea mengi kiasi kile. Kila kitu kilichotaka kuingia kwenye trela kiliulizwa uzito wake. Sahani za maua za mama mkwe nilimpa mke wa Curtis. Kinanda kimekwenda shule ya Jumapili. Vilivyobaki tulivitandaza uani tukavibandika bei, na wilaya nzima ikaja kupekua maisha yetu wakila mahindi ya kuchemsha. Mwanamke mmoja wa Waukon alikaa kwenye kile kiti cha mama cha kuyumba, akayumba, akafumba macho, akauliza bei gani. Nikamwambia kinauzwa pamoja na mimi nikiwa nimekikalia. Akainuka. Kiti hicho kinakuja kwako, nimekifunga kwa kamba nyuma ya pikapu. Ni haki yako, wewe ndiye uliyekuwa unamyumbisha mama siku zake za mwisho.

Duane aliuza fimbo zake za kuvulia bila kuomboleza. Bunduki yake ya kulungu alimpa Curtis kabla Curtis hajaitamani. Nilimwona anaifuta mtutu wake kwa kitambaa, polepole, kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, kisha akampa kijana na kwenda kutengeneza bomba la maji ambalo halikuwa bovu.

Tulipomaliza kupakia tulilipeleka trela kwenye mizani ya nafaka, kule wanakopimia mahindi, tujue kama pikapu italimudu. Yule bwana wa mizani akachungulia dirishani akauliza aandike ni mahindi au soya. Duane akamwambia aandike ni mke wake na viatu vyake.

Kanisa likatuandalia karamu ya kutuaga, kila mtu na chungu chake kama kawaida. Viazi na nyama ya kusaga vilikuwepo vya kulisha jeshi. Maswali yalikuwa yale yale. Mtaoga wapi? Mkiugua? Barua zenu zitakwenda wapi? (Hilo la barua nitalirudia, linakuhusu.) Ardis akataka kujua tukigombana nitakwenda kujifungia chumba gani, na trela lina chumba kimoja na nusu. Nikamjibu kuwa katika nyumba ya vyumba saba tuligombana kwa kupiga kelele ili tusikizane kutoka chumba hadi chumba, sasa tutagombana kwa sauti ya chini kama watu wastaarabu. Wakacheka, lakini niliona baadhi ya wale wanawake wananitazama kwa namna nyingine. Mmoja alinifuata jikoni akaninong'oneza, "Hivi kweli ni wewe unaendesha?" Nikasema ni mimi. Akaniminya mkono akarudi kuosha sahani.

Ila karamu si ushahidi. Ushahidi ni kambini. Vitu vilikuwa vimeshagawiwa na karamu imeshaliwa, lakini kabla ya kutia saini ya kuuza nyumba, Duane alitaka twende safari moja ya majaribio, na akasema nikishindwa kuliingiza trela mahali pake, nyumba haiuzwi na maneno yamekwisha. Kwa hiyo tulikwenda kwenye kambi iliyo juu ya majabali ya Mississippi. Kwanza kabisa niseme tulivyoondoka. Wenye matrela wana desturi, kaka, nayo kwao ni kama sala: kabla ya kuondoka unalizunguka trela lote, kila kitu unakitaja kwa sauti. Ngazi imepandishwa. Mpira wa maji umetolewa. Kabari zimeondolewa. Minyororo imefungwa. Duane hataji tu, anashika. Anapitisha mkono kwenye kila pingu na kila komeo. Nilimwambia tutachelewa, akasema jicho lina haraka, mkono hauna. Na kweli, kitu pekee ambacho hakukishika siku ile kilikuwa mlango wa friji, maana alinituma mimi nikauchungulie, nikauchungulia, nikauona umefungwa. Tulipofika, mtungi wake wa bitiruti ulikuwa umepasuka na trela zima ndani limekuwa jekundu. Toka siku hiyo nami nashika.

Sasa kambini. Lazima uelewe kwamba wakazi wa kambi hawana televisheni bora kuliko mgeni anayerudisha nyuma. Ukiingia tu, wanaume wanatoa viti vya kukunja, wanafungua bia, wanakaa. Ndoa zimevunjika mbele ya viti vile. Mke anasimama nyuma anapunga mikono, mume kwenye usukani anatukana, wote wanaenda kulala bila kula. Tena nafasi yetu ilikuwa kati ya mialoni miwili, na nyuma yake meza ya zege. Mzee mmoja wa mikanda ya mabegani aliona dereva ni mimi akapaza sauti, "Mama! Kule mbele kuna nafasi za kupitiliza tu, bila kurudi nyuma, huna haja ya kujitesa!" Nikamshukuru, nikasema nimeilipia hii.

Duane akashuka. Akaenda kusimama nyuma, upande wangu, pale ninapomwona kwenye kioo. Na kama kawaida yake wakati wa kuniongoza, hakulitazama trela. Uso aliuelekeza mtoni. Mikono tu ndiyo iliyokuwa inasema nami: njoo, njoo, kushoto kidogo, taratibu. Nikamsikia wa mikanda anamwambia mwenzake, "Hebu mwone yule, anatazama ndege au anamwongoza mkewe? Leo mti utalala." Wakasogeza viti karibu.

Nilishika usukani kwa chini. Sikuwatazama wale wazee, wala sikuliwaza geti. Nilitazama mikono ya mume wangu kwenye kile kioo na kufanya ilichosema. Mkia ukaingia kati ya miti. Mkono wake ukapanda juu, simama. Nikasimama. Nikashuka nikaenda kutazama: kila upande pamebaki nafasi ya mtu kupita na ndoo. Mara moja tu, Arlen! Bila kusogea mbele kujirekebisha, bila kelele, bila kukwaruza hata jani. Kule kwenye viti, yule wa mikanda akavua kofia yake. Kabla giza halijaingia alikuja na pai ya tufaha aliyooka mkewe, akakohoa kidogo, akauliza kama kesho naweza kumtolea trela lake kwenye kona, maana yeye lilikuwa limemshinda kuliweka sawa toka Ijumaa. Nikamtolea. Nimejivuna, kaka, sitakuficha. Nina miaka sitini na saba na sikumbuki siku niliyojivuna hivyo tangu Curtis azaliwe.

Na jioni ile ile, tukiwa tunakula ile pai, Duane akaweka uma chini akasema, "Sasa mwandikie Arlen." Nikamuuliza nimwandikie nini. Akasema, "Yote."

Basi haya ndiyo yote. Duane haoni, Arlen. Si mgongo, haukuwa mgongo hata siku moja. Ni ugonjwa unaokula katikati ya macho na kuacha pembeni. Mbele yake kuna doa, na doa linapanuka. Daktari amesema palipokwisha kufa hapatarudi, na pembeni patamhudumia kwa muda ambao hakuna anayeweza kuutaja. Leseni aliipeleka mwenyewe, kwa mikono yake, kabla hawajamwomba, siku aliyofika kwenye shamba moja na lori limejaa akamwona mtoto uani kwa kuchelewa. Mtoto hakuguswa. Duane alirudi nyumbani akaketi kwenye gari mpaka nikamfuata.

Ukisimama mbele yake, hapo ulipo ndipo penye doa. Anaona kuta, anaona madirisha, anaona mabega ya watu waliokuzunguka, ila wewe hakuoni. Ili amwone mtu, lazima atazame kando yake. Ndiyo maana kambini alielekeza uso mtoni: alikuwa anaangalia kona ya trela langu kwa ukingo wa jicho, na hakuiacha hata nukta. Na siku ile ya shangazi Verna, alipogeuza uso ukutani, alikuwa anakutafuta wewe. Alisikia sauti yako akageuka ili akupate. Alipokupata, alipata mgongo wako unaondoka. Mkono hakuuona kabisa. Mimi ndiye niliyemwambia njiani kuwa ulimnyooshea mkono, akaniomba nisimamishe gari.

Utauliza kwa nini hatukusema siku ile ile, na ninyi mngetuelewa. Aliniapisha. Kuna mtu mmoja duniani ambaye hakutaka amwonee huruma, na mtu huyo ni wewe. Mmeshindana tangu ujana wenu, nani atanyanyua nini, nani atavuta nini kwenye matope. Aliniambia, "Akijua, Arlen atanikatia nyama sahanini mbele za watu." Alikuwa radhi umchukie kama mwenye kiburi kuliko umhurumie kama kipofu. Nami nilikuwa namwona anaumia kwa jambo hilo kila likitajwa jina lako, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimeapa. Kilichomfungua ni siku ile ya majabali. Alijua kwamba bado kuna kazi ambayo macho yale yaliyobaki yanaiweza, na wazee wa viti vya kukunja wanashuhudia. Nilipomuuliza nikuandikie maneno gani kutoka kwake, alifikiri, akasema hivi, nami nakunukulia bila kupunguza: "Mwambie shemeji mkono wake sikuuona. Ningeuona ningeubana mpaka alie."

Hiyo ndiyo radhi yake. Nadhani ndiyo bora utakayoipata kwake, na najua wewe ungeomba hivyo hivyo.

Kwa hiyo hatuendi kuzurura, kama ulivyowaambia binamu. Anataka kuona milima na bahari wakati bado ana ukingo wa kuonea. Nilimuuliza kwa nini milima kwanza. Akasema mlima ni mkubwa, hata pembeni ya jicho unaenea. Nitampeleka. Nitampeleka kila mahali atakapotaja, na pale doa litakapofunga mlango kabisa nitaendelea kuendesha na kumsimulia ninachokiona. Usinihurumie mimi wala yeye. Mimi ni dereva wa trela na mume wangu ndiye mwongozaji wangu, na tukiingia mahali watu husogeza viti kutazama.

Lile la barua ni hili: serikali haimtambui mtu asiye na sanduku la barua, hata awe na nyumba inayotembea. Kama hutajali, ongeza jina letu kwenye sanduku la baba, chini ya lako. Usitumie rangi ile ya manjano iliyobaki kwenye trekta.

Tutafika Jumamosi ya kwanza ya Septemba, alasiri. Geti usiling'oe kwa kuniogopa, wala usilete matairi ya kukinga nguzo, maana nakujua. Lifungue lote, uwaite majirani ukitaka, uwape na viti. Nitapita barabarani, nitasimama, na nitaingia kwa baba kinyumenyume. Usije nyuma kunipungia mikono. Kazi hiyo ina mwenyewe. Yeye atakuwa amesimama hapo kwenye nguzo, uso ameuelekeza kwenye mahindi yako, nawe usidhani anayahesabu. Nikishazima gari, mwendee. Ila usimjie kwa mbele, kaka. Njoo ubavuni pake, upande wa sanduku la barua, na umnyooshee mkono ukiwa hapo. Hapo atauona.

Msalimie sana wifi Lavonne, mwambie asipike kitu, bitiruti zimebaki. Wasalimie watoto na wajukuu. Duane anakusalimu, na anasema uandae vidole.

Ni mimi mdogo wako,
Marlys
Mvunja Geti